Kabla ya Kulipia Ahadi ya Chuo: Mchezo Unavyohesabiwa Katika Udahili

Mada iliyotolewa kwa wazazi, walezi na wanafunzi wa shule za sekondari, Chalinze



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloweza kumfika mzazi yeyote mwenye mtoto mwepesi wa miguu. Kijana anang'ara katika UMISSETA. Siku chache baadaye anatokea mtu mwenye maneno matamu, anasema kipaji hicho kitamwingiza mtoto katika chuo mashuhuri cha Marekani, na kwamba kinachotakiwa ni ada ya kufungua faili tu. Mzazi anaanza kukadiria bei ya shamba lake la mananasi kule Kiwangwa. Kabla shamba halijauzwa, inampasa mlaji ajue bidhaa anayouziwa ni ipi, nani mwenye mamlaka ya kuitoa, na gharama yake halali ni kiasi gani.

Hapa kwetu, barabara ya Tanga na Arusha inapoachana na ile ya Morogoro, abiria mwenye busara hampi mpiga debe nauli kabla ya kuliona basi na kusoma linakokwenda. Naomba busara hiyohiyo ituongoze leo.

Madaraja ya vyuo

Michezo ya vyuo vya Marekani husimamiwa kwa sehemu kubwa na chama kiitwacho NCAA, ambacho kimevigawa vyuo katika madaraja matatu. Madaraja haya yasichanganywe na yale ya matokeo ya Baraza la Mitihani. Vyuo vya Daraja la Kwanza na la Pili vinaruhusiwa kumlipia mwanamichezo masomo kwa sababu ya mchezo wake. Mtanzania mwenzetu Suleiman Nyambui alisoma katika chuo cha Daraja la Kwanza, University of Texas at El Paso, akatwaa mataji ya NCAA, na mwaka 1980 akaipatia nchi yetu medali ya fedha ya mita 5000 katika Olimpiki ya Moscow.

Daraja la Tatu lina utaratibu mwingine. Humo vimo vyuo vidogo vyenye sifa kubwa kama Amherst, Williams na Bowdoin, vyenye wanafunzi wapatao elfu mbili kila kimoja, ambavyo huwakataa waombaji wengi mno kuliko vinaowapokea. Vyuo hivi haviruhusiwi kutoa ufadhili kwa ajili ya mchezo. Hata vyuo vinane vya Ivy League, vikiwamo Harvard na Yale, ingawa vimo Daraja la Kwanza, vilikubaliana mwaka 1954 kutotoa ufadhili wa namna hiyo. Kwa hiyo, akija mtu kuwaahidi ufadhili wa mbio wa Amherst au Harvard, jueni kwamba anauza kitu kisichokuwapo.

Hata hivyo, katika vyuo hivyo mchezo una uzito mkubwa. Uzito wake umo katika kupata nafasi ya kuingia.

Orodha ya kocha

Kila msimu kocha huipelekea ofisi ya udahili majina ya vijana anaowahitaji. Ofisi hiyo huyatazama matokeo yao ya darasani mapema, mara nyingi katika miezi ya kiangazi kabla ya maombi rasmi, kisha humweleza kocha ni nani wanaweza kuungwa mkono na ni nani hawafai. Idadi ya nafasi hizo ina kikomo. Ripoti ya Amherst yenyewe juu ya nafasi ya michezo chuoni, iliyojulikana mwaka 2017, ilieleza kwamba kila mwaka nafasi 67 hutengwa kwa waombaji ambao mchezo ndio uliopima mizani yao, katika darasa la wanafunzi wapatao 470. Nafasi hizo hugawanywa kwa timu zote, kuanzia mpira hadi kuogelea, na wakimbiaji hubakiwa na chache.

Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliitolea hukumu mwaka 2023, iliweka hadharani takwimu zilizokuwa siri. Wachumi waliozichambua walionyesha kwamba waombaji walioandikishwa na makocha walikubaliwa kwa kiwango cha asilimia 86 hivi. Waombaji wasio na upendeleo wa mchezo, wa ukoo wala wa ufadhili walikubaliwa kwa kiwango kisichofika asilimia 6.

Takwimu hiyo ikisomwa kwa pupa inapotosha. Hao asilimia 86 walikuwa wamekwisha kuchujwa: kocha aliwataka, na ofisi ilikuwa imekwisha kuzikagua alama zao. Ambao kocha hakuwataka, au ambao alama zao hazikutosha, waliondoka kabla ya kuhesabiwa. Kijana aliyeshinda mbio za mkoa, lakini hayumo katika orodha ya kocha yeyote, husomwa kama mwombaji mwingine, na mbio zake huwa jambo jema moja miongoni mwa mengi. Tena mahitaji ya kocha hubadilika. Mwaka huu anatafuta mkimbiaji wa mita 800. Mwakani amekwisha kumpata.

Funzo kutoka Kenya

Majirani zetu wametuachia mfano mzuri. Mwaka 2004, Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich ya 1972, pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners, walianzisha mpango wa KenSAP ili kuwatafutia vijana wa Bonde la Ufa nafasi katika vyuo vikubwa vya Marekani. Kichujio cha kwanza kilikuwa alama za juu kabisa za mtihani wa KCSE. Waliopita hapo ndio waliokimbizwa mita 1500 kwa saa, na wengi wao hawakuwa wamewahi kufanya mazoezi ya riadha. Mmoja wao alikwenda Hamilton College, chuo kidogo cha jimbo la New York, akawa bingwa wa Daraja la Tatu. Lakini wengi waliofanikiwa walibebwa na vyeti vyao, na baadaye neno la mwanamichezo likaondolewa hata katika jina la mpango. Mbio ziliwafungulia baadhi yao sikio la kocha. Ofisi ya udahili ilisoma alama.

Fedha na kalenda

Kwa kuwa chuo cha Daraja la Tatu hakilipii mchezo, msaada wake hutokana na hali ya kipato cha familia, na hupimwa kwa nyaraka. Vyuo vichache, vikiwamo Amherst na Bowdoin, havimnyimi mwombaji wa nje nafasi kwa sababu tu anahitaji msaada. Vingine vingi huitazama haja hiyo wakati wa kuamua. Jambo hili liulizwe mapema, kwa sababu kocha anayemtaka mtoto wako si lazima awe na uwezo wa kumpatia fedha.

Kalenda nayo huwaponyoka wengi. Maombi ya mapema, ambayo makocha wengi hupenda wanaowaunga mkono wayatumie, hufungwa kwa kawaida mwezi Novemba, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Mwanafunzi wetu hufanya mtihani wa Kidato cha Sita mwezi Mei na kupata matokeo Julai, wakati milango imekwisha kufungwa. Hivyo yampasa aanze akiwa Kidato cha Tano, akitumia matokeo ya Kidato cha Nne na taarifa za walimu wake. Jihadharini pia na maombi ya mapema yanayofunga: anayekubaliwa kwa njia hiyo hutakiwa kwenda chuo hicho na kuyaondoa maombi mengine. Muda wa mbio upimwe katika uwanja wa mita 400 uliopimwa, na picha za video zihifadhiwe. Muda wa uwanja wa nyasi wa shule haumshawishi kocha aliye mbali. Na kabla ya kupokea fedha za ushindi katika mbio za barabarani, kijana asome masharti ya NCAA, kwani zinaweza kuathiri haki yake ya kushindania chuo.

Wanaouza nafasi

Kwa kuwa jina katika orodha ya kocha lina thamani kubwa, wamekuwapo wa kulinunua. Tarehe 12 Machi 2019 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kashfa ambayo mshauri wa udahili, William Rick Singer, alipokea fedha za wazazi na kuwahonga makocha, wakiwamo wa Yale na Georgetown, wawaandikishe watoto kuwa wanamichezo, baadhi yao wakiwa hawachezi mchezo huo kabisa. Januari 2023 Singer alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Wazazi kadhaa nao walifungwa. Anayenunua nafasi, basi, anaweza kupoteza fedha, chuo na uhuru wake.

Maswali kabla ya kulipa

1. Kocha amewasiliana na mwanafunzi mwenyewe? Anwani za makocha zimo katika tovuti za vyuo, na barua pepe za vyuo vya Marekani kwa kawaida huishia na .edu. Kijana anaweza kumwandikia kocha mwenyewe bila malipo.
2. Wakala anatambuliwa? Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, husimamia mawakala wa vyuo vya nje. Uliza huko, usiridhike na kadi ya biashara.
3. Anaahidi nafasi? Hakuna wakala mwenye mamlaka ya kudahili. Barua ya udahili na fomu I-20 ya kuombea viza hutolewa na chuo.
4. Ada ni ya nini? Idaiwe kwa maandishi, ikitaja huduma, muda na masharti ya kurejeshewa, na risiti itolewe.
5. Kuna msaada wa bure? Huduma ya ushauri ya EducationUSA, inayoungwa mkono na serikali ya Marekani, haitozi kwa maelezo ya msingi.
6. Masharti ya viza yakoje leo? Hubadilika. Yakaguliwe katika tovuti ya ubalozi kabla ya fedha yoyote kutoka.

Ndugu wazazi, mtoto akimbie, na asome zaidi. Kipaji chake kinaweza kumwongezea nafasi pale alama zake zinapotosha, na kocha halisi, mwenye jina na chuo, anapomhitaji. Mambo hayo mawili yakikosekana, hakuna ada itakayoyaleta. Shamba la Kiwangwa libaki na mwenye nalo mpaka maswali haya sita yapate majibu kwa maandishi.