Zana za Nyumbani na Maandalizi ya Masika

 

Kaskazi ikimalizika, upepo hugeuka ukawa kusi na masika huingia. Hapa pwani mvua kubwa zaidi ya mwaka kwa kawaida hunyesha Aprili na Mei. Kwa hivyo Februari na Machi ndiyo miezi ya kukagua nyumba, iwe ni Mtongwe na Timbwani upande wa Likoni, Mtopanga na Magogoni kule Kisauni, au Chaani na Port Reitz huko Changamwe. Hata hivyo, kazi ndogo nyingi huachwa mpaka maji yaanze kudondoka kitandani. Mara nyingi kikwazo si fedha, kwa maana misumari michache ya mabati haimshindi mtu. Kikwazo ni kwamba nyundo haijulikani iliko, ngazi iliazimwa haijarudi, na msumeno umeliwa na kutu.

Kutu ndiyo ianze kuzungumzwa. Hewa ya bahari hubeba chembe za chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Chuma kikikaa na unyevu huo, huliwa haraka kuliko chuma cha mji ulio mbali na bahari. Zana ikishatumika ipanguswe, ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi ikiwa ilishika udongo au saruji, ikaushwe kabisa, kisha ipakwe oili kidogo ya mashine kwa kitambaa. Mwiko na karai zisiachwe zikaukie saruji. Jembe, sururu na tindo zaweza kuchomekwa katika ndoo ya mchanga mkavu uliochanganywa na oili kidogo. Mchanga huo usiwe wa ufuoni, kwa sababu una chumvi, na hapo dawa itageuka ugonjwa.

La pili ni mahali pa kuweka. Nyumba nyingi za Mombasa bara ni za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, jiko na choo uani, na huenda kila chumba kina mpangaji wake. Katika nyumba kama hiyo hakuna haja ya kila mpangaji kununua seti nzima. Wakazi wakichanga, sanduku moja lenye nyundo, msumeno, plaisi, bisibisi za aina mbili, spana, tepu ya kupimia, pimamaji na mwiko latosha kazi nyingi. Sanduku liwekwe juu ya rafu, si sakafuni ambako unyevu hupanda, na liwe mbali na mikono ya watoto. Misumari na skrubu zitengwe kwa ukubwa katika mikebe yenye vifuniko. Zana za kutundikwa ukutani zichorewe umbo lake kwa kalamu, ili pengo likionekana ijulikane kilichokosekana. Kando pawe na daftari: nani ameazima nini, na siku gani. Daftari hilo huzuia ugomvi mwingi wa majirani. Rangi, thina na petroli zisiwekwe chumba kimoja na jiko.

Zana zikiwa tayari, kazi ianzie juu. Mabati hukaguliwa asubuhi kabla jua halijayachoma. Anayepanda asiwe peke yake, na mtu wa pili ashike ngazi. Mguu ukanyage penye mstari wa misumari, kwa kuwa hapo chini pana mbao. Msumari uliolegea ubadilishwe kwa ule wenye kofia na mpira. Anayenunua mabati mapya akumbuke kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo. Nyumba ya makuti nayo ikaguliwe mapema, kwa kuwa kuti lililooza haliwezi kushonewa jingine wakati mvua inanyesha.

Baada ya paa ni gata na mapipa. Mombasa imewahi kupatwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka wa 2013, na chikungunya kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018. Mbu anayeeneza maradhi haya huuma mchana, na huzaliana katika maji yaliyotuama karibu na watu: gata iliyoziba majani, tairi kuukuu, pipa lisilo na kifuniko. Mayai yake hushika ukingoni mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji. Kwa hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Pipa lisuguliwe kwa brashi ndani, kisha lifunikwe kwa kifuniko au wavu uliobana. Hiyo ni kazi ya saa moja, na yaweza kuwaepusha watoto na homa.

Ziko kazi ambazo sanduku la nyumbani halipaswi kuzigusa. Umeme wa nyumbani ni volti 240 na unaua. Kubadilisha balbu ni kazi ya mwenye nyumba, baada ya kuzima swichi. Kutandaza nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, na mita ni ya Kenya Power peke yao. Shimo la choo lisiingiwe na mtu kwa sababu yoyote, hata akiwa amefungwa kamba, kwa kuwa gesi yake humwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Kubomoa ukuta, kuongeza chumba au kupandisha ghorofa kunahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019. Mpangaji naye asitoboe wala kubomoa kabla ya kuelewana na mwenye nyumba kuhusu nani atalipa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walioishi pwani walijua pia kwamba ufa huzibwa wakati wa kiangazi, ukuta ukiwa mkavu.

Jumamosi hii, kila nyumba itoe zana zake uani, izihesabu, izipake oili na kudai ngazi iliyoazimwa. Jumamosi ijayo iwe ya paa, na ile ya tatu iwe ya gata na mapipa. Masika yakifika, yakute kazi imekwisha.