UPINDE UPINDE WAPI?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wa mwaka, Kibaha)



Nilipoombwa kuzungumza nilidhani nitatakiwa niseme habari za misitu, maana ndiyo kazi niliyopewa na Serikali huko Kisarawe. Kumbe vijana wa karakana walikuwa na swali lao, wakaliandika kwenye karatasi na kulipitisha kwa Mwenyekiti. Wanazo fito kumi na moja za mkole, zimekauka vizuri, na wanataka kutengeneza pinde za kulenga shabaha. Nusu yao wanasema kishikio kiwe kigumu, kisipinde, kama pinde wanazoziona katika televisheni wakati wa Olimpiki. Nusu nyingine wanasema upinde upinde wote, kama wa mababu. Wameshindwa kukubaliana, na mti ukishachongwa haurudishiki. Basi hotuba yangu ya misitu imebaki mfukoni. Lakini msishangilie mapema, misitu itatokea huko mbele.

Tuanze na mti wenyewe. Upinde una mgongo, yaani upande unaotazama shabaha, na tumbo, yaani upande unaomtazama mpiga upinde. Ukivuta ugwe, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Kwa mpindo ule ule, ubao mnene huumia kuliko ubao mwembamba. Hapo ndipo mti hupasuka.

Mwalimu wa fizikia atawathibitishia jambo la pili. Ubao ukizidishwa upana mara 2, ugumu wake unaongezeka mara 2 tu. Ukizidishwa unene mara 2, ugumu unaongezeka mara 8. Ndiyo maana fundi anayetaka kishikio kigumu hukipunguza upana ili kienee kiganjani, na hukiacha kinene kuelekea tumboni. Akipunguza upana nusu na kuzidisha unene mara 2, bado kishikio kina ugumu mara 4 ya ule wa sehemu zinazopinda.

Ufundi huo ni wa zamani mno. Kituo hiki cha Kibaha kilianza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordic, na Denmark ni mojawapo. Huko Denmark, katika kinamasi cha Holmegaard, mwaka 1944 zilichimbuliwa pinde zenye umri wa miaka kama 9,000. Zina mabawa mapana na bapa, na katikati kishikio chembamba, kinene, kisichopinda. Kwa hiyo wanaotetea kishikio kigumu wasiambiwe wameiga televisheni. Wana mababu wao pia, ila si wa hapa.

Faida zake ni za kweli. Kishikio chembamba kinauweka mshale karibu na mstari wa katikati, kwa hiyo mshale haulazimiki kujipinda sana ili kuuzunguka upinde unapotoka. Pili, upinde hautikisi mkono sana baada ya kuachia. Aliyewahi kupiga upinde unaopinda kote, hasa wenye nguvu, anajua jinsi kiganja kinavyopigwa.

Sasa tutazame gharama. Chukua ufito wa sentimeta 150. Kishikio kinataka sentimeta 10, na juu na chini yake unahitaji sentimeta 5 kila upande ili unene upungue taratibu. Hizo ni sentimeta 20 zisizofanya kazi. Mzigo uliokuwa ubebwe na sentimeta 150 sasa unabebwa na 130, wakati kijana anavuta ugwe umbali ule ule. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: upinde unaopinda kote usiwe mfupi kuliko mara 2 ya mvuto, na wenye kishikio kigumu uongezewe sentimeta 20 hadi 30. Mvuto wa kijana wa kidato cha tatu ni kama sentimeta 65. Kwa hiyo wa kwanza unatosha kwa sentimeta 130 na zaidi kidogo, wa pili utake 150 hadi 160.

Nenda bonde la Ziwa Eyasi uone Wahadzabe wamelijibuje swali hili. Upinde wao ni ufito wa mviringo, mnene katikati, unachongeka polepole kuelekea ncha zote mbili, na ugwe ni wa mshipa wa mnyama. Kishikio cha kuchongwa hakuna. Mtu mzima huvuta upinde wa nguvu kama ya kilo 30, na mtoto mdogo sana tayari ana wa kwake. Wenzao Waata wa upande wa Tsavo, Kenya, waliokuwa wakiwinda tembo, walikuwa na pinde zilizovutwa kwa zaidi ya kilo 45. Hata Waingereza, ambao pinde zao ndefu zinasifiwa vitabuni, hawakuwa mbali na hapo. Meli yao Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikainuliwa mwaka 1982, na humo zilipatikana pinde nzima zaidi ya 130. Ukizivuta kikamilifu, zinapinda mpaka kiganjani. Kishikio kigumu kilikuja kupendwa kwao baadaye, upinde ulipokuwa mchezo wa waungwana wa kulenga shabaha bustanini.

Niliingia karakana asubuhi kupima fito zenu. Tisa zina urefu kati ya sentimeta 145 na 152, na katikati nyingi hazifiki sentimeta 4. Mbili ni ndefu, zimepita 170. Kwa zile tisa sioni mjadala: zipinde kote. Ufito wa mviringo una hesabu kali zaidi, kipenyo kikizidi mara 2 ugumu unazidi mara 16; kwa hiyo ukitaka katikati pawe pagumu kabisa itabidi uyakonde mabawa mpaka upinde uwe wa kufukuzia kunguru. Na anayechonga mfano wa kishikio kwa kula mti pande zote, ili pawe pazuri tu, atapata upinde unaokunjika katikati kama bawaba, mbele ya uso wake.

Lakini kupinda kote si kupinda sawasawa. Kishikio kianze kupinda mwisho, katika sentimeta chache za mwisho za mvuto, na kidogo tu. Funga upinde ukutani, vuta ugwe kwa kamba na kapi, usimame mbali utazame mkunjo. Ukiona katikati pamewahi, acha kugusa pale na upunguze mabawa kwa tupa au kipande cha chupa.

Zile mbili ndefu wapeni wale wa kishikio kigumu. Wamekuja na hoja, wapewe mti wa kuijaribia.

Sasa misitu, kama nilivyoahidi. Fito hizi zilikatwa shambani kwa mtu, kwa ruhusa yake. Zikiharibika, mwaka huu hakuna nyingine. Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu Kusini ni hifadhi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimtambui mwanafunzi mwenye panga kuwa tofauti na mchoma mkaa. Isitoshe, mkole kwa Wazaramo si kuni: ni mti wa unyago, na chini yake wanawali hufundwa. Kwa hiyo hata ukiukuta nje ya hifadhi, muulize kwanza mama mtu mzima wa kijiji hicho. Akikataa, rudi nyumbani. Na msije mkaupeleka upinde porini kutafuta digidigi; kuwinda bila leseni ni kosa.

Nimeweka alama ya chaki katikati ya kila ufito, na mgongo nimeutia msalaba. Upande wenye msalaba usiguswe na chuma. Ndugu Mwenyekiti, kama muda unaruhusu, wenye maswali wanifuate karakana, maana hapa hakuna jiriwa.