Kablanketi na Ugonjwa wa Madoa Pembe
(Maneno yaliyotolewa kwa vikundi vya wazalishaji mbegu, Nyanda za Juu Kusini)



Mmetuuliza swali zito: mbona tuliwaletea maharage yasiyougua, halafu akina mama wakayakataa? Ni kweli, na kosa ni letu. Tulitazama majani, hatukutazama chungu. Yalikawia kuiva, yakamaliza kuni, na sokoni hayakupata mnunuzi. Watu wakarudia Kablanketi yao, na ugonjwa ukarudi nayo.

Madoa pembe mnayafahamu. Doa hukomea kwenye mishipa ya jani, ndiyo maana lina kona. Geuza jani asubuhi utaona vumbi jeusi-kijivu: huo ndio ukungu wenyewe. Majani hupukutika kabla maganda hayajajaa, na hasara yaweza kufika asilimia 80. Ukungu huu hupenda ubaridi na unyevu wa huku kwetu, nao hujificha katika mbegu na mabaki ya shambani.

Sasa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walishika njia nyingine. Hawakumwambia mkulima aache Kablanketi. Waliichukua hiyohiyo wakaipandanisha na Mexico 54, aina yenye ukinzani. Kazi yenyewe ni ya mikono. Ua la harage hujichavusha lenyewe, hivyo hufunguliwa likiwa bado changa, sehemu za kiume zikatolewa kwa kibano, kisha likapakwa chavua ya mzazi mwingine. Mtoto wa kwanza ni nusu kwa nusu. Akirudishwa kwa Kablanketi, wajukuu huwa na robo tatu za Kablanketi. Mara nyingine tena, saba ya nane. Kila kizazi mimea huambukizwa ugonjwa makusudi, na inayougua hung'olewa. Ndiyo maana inachukua miaka. Tusiwaone watafiti kuwa wavivu!

Lakini tusidanganyane. Ukungu huu una makundi mengi. Lipo linaloshambulia zaidi maharage ya punje kubwa, na lipo linaloshambulia makubwa na madogo pia. Mbegu inayosimama imara kijiji kimoja yaweza kuanguka kijiji cha pili. Hivyo hata mbegu nzuri inahitaji kubadilishana shamba na mahindi, na mabaki kufukiwa.

Kwa hiyo msimu huu hatutagawa magunia. Kila kikundi kitapata punje chache za kila aina tutakayoileta, zipandwe mistari miwili kando ya Kablanketi ya nyumbani, bila kupuliziwa dawa. Wakati wa kuchanua tutapita kuhesabu madoa. Baada ya mavuno tutapika kila aina katika sufuria yake, tukiangalia saa, na akina mama ndio watakaoonja na kuamua. Watakayoikataa, hatutaizalisha, hata kama majani yake ni ya kijani mpaka mwisho.