Mshiriki Ashitakiwe, Jaji Aachiwe Kupima



Majambazi wakivamia ghala la mpunga na mlinzi akauawa, je, aliyebaki njiani akiangalia wapitao ni mwuaji? Mkono mmoja hauchinji ng’ombe. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu humtia hatiani kila mwenye nia ya pamoja, iwapo kifo kilielekea kutokana na uhalifu waliokusudia. Ni sawa.

Lakini kifungu cha 197 huamuru kifo kwa aliyepiga na aliyengoja. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika, Arusha, ilitamka kwamba kumlazimisha jaji hivyo hukiuka haki ya kuishi. Mshiriki na ashitakiwe. Adhabu ilingane na tendo lake.