Bastola Ndogo Kiunoni: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuchagua Silaha ya Kujilinda

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya usalama wa wafanyabiashara wa mpakani, Giheke, Wilaya ya Rusizi

1. Utangulizi



Nimepewa swali ambalo kwa muda mrefu limekuwa likiulizwa kwa sauti ya chini: mtu anayetembea na fedha taslimu kati ya Kamembe, kwetu Rwanda, na Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi nchini Kongo, achague bastola gani ndogo, ya kukaa chini ya shati bila kuonekana? Swali hili lina sababu zake. Waasi wa M23 waliingia Bukavu katikati ya Februari 2025. Benki za mjini zikafungwa, watu wakabaki kutegemea noti zilizomo mikononi na simu pesa, na silaha zilizotupwa na askari waliokimbia zikaokotwa na raia, wakiwemo watoto. Anayevuka daraja kila wiki na mauzo yake ana haki ya kuuliza atajilinda vipi.

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipinge vizuri baadaye. Kwa mfanyabiashara ambaye njia yake inavuka mto Rusizi, hakuna bastola inayofaa, kwa sababu kibali chake kinaishia darajani wakati fedha zake zinaendelea na safari. Hata hivyo sitaliruka suala la kuchagua. Wengi wetu tuna ndugu na biashara Nairobi na Dar es Salaam, ambako raia anaweza kuomba leseni. Isitoshe, mtu anayejua silaha inadai nini kutoka kwa mwenyewe huamua kwa busara kuliko aliyeijulia kwenye filamu.

2. Sheria: kibali hakivuki mto

Tuanzie nyumbani. Rwanda inaongozwa na Sheria Na. 56/2018 ya tarehe 13 Agosti 2018 kuhusu silaha. Raia hawezi kumiliki wala kubeba silaha ya moto bila idhini ya mamlaka, na kukutwa nayo bila idhini ni kosa la jinai. Ng'ambo ya mto, Kongo ina sheria yake ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi. Burundi, kwa wanaopitia Ruhwa, nayo ina yake. Kibali cha nchi moja hakimwambii chochote askari wa nchi ya pili.

Juu ya sheria hizo kuna Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Rwanda ikiwemo. Usimamizi wake uko mikononi mwa RECSA, taasisi yenye makao Nairobi. Itifaki inazitaka nchi zipige marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za kivita, za otomatiki na za nusu otomatiki, na silaha nyingine zikiwekewa leseni, alama na kumbukumbu. Ndiyo maana raia wa ukanda huu anapozungumzia silaha halali ya kujilinda, mara nyingi anazungumzia bastola.

Sasa tufuate safari ya kawaida. Mama anatoka Giheke alfajiri, anapanda gari hadi Kamembe, anavuka Rusizi ya Kwanza, anauza bidhaa zake soko la Kadutu mjini Bukavu, jioni anarudi na fedha. Hatari kubwa ya siku hiyo iko kati ya soko na daraja, wakati wa kurudi. Hata kama angekuwa na kibali cha Rwanda, pale ndipo ambapo kibali hicho hakifanyi kazi. Akivuka na bastola amekuwa mhalifu, na mtutu mmoja ukipatikana kwenye kizuizi cha eneo la vita hautachukuliwa kama mali ya mchuuzi. Akiiacha nyumbani, bastola inalinda kabati.

Mkoa wetu unajua vizuri silaha inapovuka mto. Mwaka 1994 majeshi ya serikali yaliyoshindwa vitani yalipita Cyangugu kuelekea Bukavu, wengi wakiwa na bunduki zao. Juni 2004 Kanali Mutebutsi, afisa wa Kongo aliyeasi, na askari wake walivuka kutoka Kongo wakapokonywa silaha upande huu. Hakuna afisa wa mpakani atakayeichukulia bastola iliyofichwa kuwa jambo dogo.

3. Kesi inayotajwa sana: Westgate

Wanaotetea raia kubeba bastola hutaja Westgate, na wana haki ya kuitaja. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wa Al-Shabaab waliliingia jengo hilo la maduka jijini Nairobi, wakaua watu 67. Abdul Haji, mfanyabiashara mwenye leseni ya silaha, aliingia ndani kumtafuta ndugu yake akiwa na bastola, akaungana na polisi na raia wengine wenye silaha, na pamoja wakawatoa watu wengi, wakiwemo mama mmoja na watoto wake. Picha za siku ile zilizunguka dunia nzima.

Ushujaa ule haupunguzwi na mtu. Lakini tuisome kesi yote. Kwanza, wale waliofaa kitu ndani ya jengo walikuwa watu waliokwisha kuzoea silaha. Miongoni mwao alikuwemo mkufunzi wa ulengaji shabaha, Inayat Kassam, ambaye mwaka 2019 aliingia tena kuokoa watu hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa. Pili, bastola ilitumika zaidi kuwazuia wenye bunduki wasisogee watu wakitoka, na kazi hiyo iliwezekana kwa sababu walikuwa kundi linalosemezana. Tatu, katika vurugu ileile kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa serikali yake mwenyewe. Kama afisa mwenye mafunzo aliweza kudhaniwa adui, raia aliyevaa shati la kawaida na bastola mkononi atadhaniwa nani?

Tena mfanyabiashara wetu hakutani na Westgate. Anakutana na vijana wawili au watatu kwenye uchochoro, wako hatua tatu kutoka kwake, na mmoja wao tayari ameshatoa silaha. Hapo muda wa kufunua shati, kutoa, kulenga na kuamua haupo.

4. Pale sheria inaporuhusu: vipimo vya bastola ndogo

Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mwombaji hupitia Bodi ya Leseni za Silaha, na mwishoni mwa 2018 serikali iliwaamuru wote wenye leseni wachunguzwe upya. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwaka 2016 ilifanya uhakiki wa silaha za raia. Aliyeruhusiwa huko apime haya.

(a) Umbo. Bastola ndogo si uvumbuzi wa jana. FN Browning ya mwaka 1910, iliyotengenezwa Ubelgiji, ndiyo iliyomuua mrithi wa ufalme wa Austria mjini Sarajevo mwaka 1914. Walther PPK ya Ujerumani ilitoka 1931. Siku hizi Glock 19 ya Austria ndiyo kipimo cha kati: mtutu wa milimita 102, risasi 15, uzito wa takriban gramu 600 kabla ya kujazwa. Glock 26 ina mtutu wa milimita 87 na risasi 10. SIG Sauer P365 ya mwaka 2018 ni nyembamba zaidi, nayo huingiza risasi 10 kwenye kasha lake dogo.

Muuzaji hatakwambia kwamba kila kinachopunguzwa hudai malipo. Mpini ukifupishwa, kidole cha mwisho kinaning'inia. Bastola ikipunguzwa uzito, teke lake linaongezeka. Mtutu ukifupishwa, umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma unapungua, na kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Kwa hiyo bastola iliyo rahisi kuficha ni ngumu kuipiga kwa usahihi, na anayeanza ndiye huwa anaikimbilia. Wakufunzi wengi humshauri mgeni aanze na ya ukubwa wa kati, na achague inayojaa kiganja chake, hata kama haijifichi vizuri sana.

(b) Risasi. Milimita 9 ya Parabellum, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita, ndiyo imeenea kila mahali, kwa hiyo hupatikana na hufanyiwa mazoezi. Ikumbukwe kwamba risasi hii hupenya mbao na ukuta mwembamba. Sokoni, nyuma ya mwizi kuna mama mwenye nyanya.

(c) Kizuizi cha usalama. Glock haina kizuizi cha kusogeza kwa kidole gumba. Usalama wake umo ndani ya kifyatulio chenyewe, ukikivuta inalia. Ceska, ambayo msomaji wa magazeti ya Kenya anaijua kwa jina, katika aina zake za CZ 75 mara nyingi huwa na kizuizi cha pembeni. Kila mtindo una tabia zake, na mwenye silaha lazima azizoee hadi mkono wake ufanye bila kufikiri. Kuwa na bastola mbili za mitindo tofauti ni kujichanganya.

(d) Ala. Bastola isiyokuwa na ala ngumu inayofunika kifyatulio chote isibebwe kabisa. Mfukoni pamoja na funguo, ndani ya mkoba wa mkononi, au kuchomekwa kwenye mkanda chini ya kitenge: mahali pote hapo kitu kinaweza kukivuta kifyatulio, na mkoba ndicho kitu cha kwanza mwizi anachonyakua.

(e) Mazoezi na hifadhi. Bei ya bastola ni mwanzo wa gharama. Kuna risasi za mazoezi, ada ya uwanja wa shabaha, leseni ya kuhuishwa, na sefu ya chuma iliyofungwa ukutani. Asiyeweza kulipia haya yote hajafikia kumiliki silaha, hata kama fedha ya kununulia anayo.

5. Mbebaji

Baada ya chuma, tumtazame mtu. Utafiti wa Arthur Kellermann na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1993, ulikuta kwamba kuwa na bunduki nyumbani kunahusiana na hatari ya kuuawa humo humo karibu mara tatu ya nyumba isiyokuwa nayo, na wauaji wengi walikuwa jamaa au watu wanaofahamiana na familia. Marekani ina silaha za raia nyingi kuliko idadi ya watu wake. Kwetu hali ni nyingine. Lakini hasira ya mume na mke, ugomvi wa mirathi na urwagwa, pombe ya ndizi, wa jioni tunavyo.

Hatari ya pili ni kunyang'anywa. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2017 kwamba raia wa Kenya walikuwa na silaha kama 750,000, na zilizoandikishwa zilikuwa sehemu ndogo mno ya hizo. Kwa mhalifu anayetegemea soko la silaha hizo zisizoandikishwa, bastola ya mfanyabiashara ni mzigo wenye bei. Akijua unayo, anakuwa na sababu mbili za kukuvizia badala ya moja.

6. Ulinzi unaovuka mto pamoja nawe

Mwizi anafuata noti. Tupunguze noti, na tupunguze habari zake.

Sekta zetu zina Umurenge SACCO, ushirika wa akiba na mikopo. Fedha iingie huko siku ileile badala ya kulala chini ya godoro. Malipo yanayoweza kwenda kwa simu yaende kwa simu. Wanaovuka wavuke kwa vikundi, wabadili siku na saa, na asiwepo mmoja anayebeba mauzo ya wote. Habari ya nani anarudi na kiasi gani isizungumzwe ndani ya gari wala kwa wabadilisha fedha wa pembeni. Jioni upande huu tuna irondo, yaani doria ya usiku ya wakazi, tuna DASSO, walinzi wa wilaya, tuna polisi: kikundi kinachochelewa kiwe na namba ya kupiga na mtu wa kukipokea Kamembe. Na ukikabwa, toa fedha. Mtaji hurudi kwa mkopo wa kikundi; uhai hauna mdhamini.

Haya hayamalizi hatari yote. Lakini hakuna hata moja linalogeuka kosa ukifika katikati ya daraja.

7. Mapendekezo

Moja, vyama vyetu vya wafanyabiashara vikubaliane kwa maandishi kwamba mwanachama havuki na silaha yoyote, ili mmoja asiwaharibie wote jina mpakani.

Mbili, kila chama kiweke mfuko mdogo wa kumfidia mwanachama aliyeibiwa, kwa sababu anayejua hatafilisika hatapigania begi.

Tatu, anayeokota au kuonyeshwa silaha atoe taarifa polisi mara moja, bila kuigusa wala kuihamisha.

Nne, mwenye biashara Nairobi au Dar es Salaam anayetaka leseni aanzie uwanja wa mafunzo kwa bastola ya mkufunzi, kisha ndipo aamue kama anataka ya kwake.

8. Maswali ya majadiliano katika vikundi

(i) Katika safari yako ya kawaida, ni dakika zipi hasa unazoogopa, na bastola ingefanya nini ndani ya dakika hizo?

(ii) Nani, nje ya familia yako, anajua siku unayorudi na fedha, na alijuaje?

(iii) Mfuko wa fidia ukianzishwa leo, kila mwanachama achange kiasi gani, na nani ashike daftari?

Naomba tuanze na la pili. Nahisi hapo ndipo penye majibu ambayo hayahitaji kibali cha mtu yeyote.