Ufunguo usibaki kwa mtu mmoja
(Maneno yetu kwenye mkutano wa kikundi cha Linux, Butembo)



Asante kwa kuja, na asante zaidi kwa wale wametoka mbali, Bulengera na Vulamba, masini mgongoni. Kuran haijarudi tangu asubuhi. Basi tuseme haraka wakati batiri zingali nzuri, halafu tufanye kazi.

Watu wanatuuliza: ninyi wa mambo ya maji, ya barabara, ya usalama, mnatafuta nini kwenye kompyuta? Tunajibu kwa habari moja, na ni aibu yetu wenyewe.

Tulipita kartie kwa kartie, wiki tatu, tukihesabu robine: ipi inatoa maji, ipi imekauka, mama anangojea saa ngapi na bidoni yake. Tuliandika yote ndani ya masini moja. Siku ya kupeleka ripoti kwa wakubwa, tukafungua: programu ikasema muda wake umeisha, inaomba kulipwa. Ilikuwa ya wizi, sawa vile nyingi ziko hapa mjini. Tukajaribu kuhamisha faili kwa kle ya USB, virusi vikaiharibu. Kopi ya pili ilikuwepo, lakini neno lake la siri lilijulikana na ndugu mmoja tu, na yeye alikuwa ameshaenda kusoma Kampala, simu haipiti. Tukaingia ofisini mikono mitupu. Wakatuuliza: “Hesabu iko wapi?” Hatukuwa na la kujibu.

Siku ile tulijifunza mambo mawili.

La kwanza: programu ambayo huna haki nayo ni nyumba ya kukodi. Mwenyewe anaweza kubadilisha kufuli usiku. Programu huru haiko vile. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza kazi ya GNU kule Marekani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, akatoa kiini cha Linux. Ruhusa yake iko wazi: itumie, chungulia namna inafanya kazi, ibadilishe, mgawie mwenzako. Kumgawia jirani hapa si wizi, ni haki iliyoandikwa. Na faili za LibreOffice zinawekwa kwa muundo wa ODF, ambao ni kanuni ya kimataifa tangu 2006. Programu nyingine pia zinaweza kuzifungua.

Musiwaze haya ni mambo ya wazungu tu. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mtoto wa Afrika ya Kusini. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliiweka OpenOffice katika Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Na Ushahidi, iliyozaliwa Nairobi wakati wa vurugu za uchaguzi mwanzoni mwa 2008, ilitumiwa mwaka ule ule kufuata habari za vita vya hapa kwetu Kivu.

La pili ni gumu zaidi: hata programu huru inakuwa gereza kama mtu mmoja tu anaijua. Tuseme ukweli juu ya kikundi chetu. Siku ya kuinstale, chumba kinajaa, kila mtu anarudi nyumbani na furaha. Mkutano wa kufuata, tunabaki sita. Na anayesema mbele ni yule yule, juu sisi wengine tunaogopa kuonekana hatujui. Siku atachoka, ao atapata kazi Kinshasa, kikundi kimekufa.

Ndiyo maana leo tunaleta mapendekezo matatu.

Moja: kila mkutano, dakika 10 za kwanza ziwe za mtu ambaye hajawahi kusema mbele. Aeleze kitu kimoja tu alichojifunza: namna ya kurudisha faili iliyofutwa, namna ya kusafisha kle yenye virusi. Akikosea, tunamsahihisha bila kumcheka.

Mbili: anayesaidiwa kuinstale leo, mkutano ujao atamsaidia mwenzake. Mikono iwe yake kwenye klavye. Fundi akae nyuma, anyamaze.

Tatu: kila neno la siri la kazi ya wote lijulikane na watu watatu, na kila ripoti iwe na kopi tatu sehemu mbalimbali. Kati ya wale watatu, wadada wawemo. Kazi yao hapa si kuandika majina mlangoni tu.

Na tusisahau intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018 ilikatwa inchi nzima nyuma ya uchaguzi, karibu wiki tatu. Sisi wa Butembo na Beni, hata kura yetu ilikuwa imesogezwa hadi Machi 2019. Wakati sawa ule, anayengojea intaneti ndipo ajifunze anabaki gizani. Lakini Ubuntu kamili inaenea ndani ya kle moja ya giga 8, na masini inaweza kuwaka kupitia kle ile bila kugusa diski yake. Inatembea mkono kwa mkono hadi Lubero, hakuna mtu wa kuizima. Na maarifa pia yatembee vile, mtu kwa mtu, ndani ya mikutano hii.

Robine tutazihesabu upya. Tunaanza siku ya posho ijayo, na Mususa. Safari hii ni masini nne, watu wanane, faili zilizo wazi. Tukirudi mbele ya wakubwa na wakauliza tena hesabu iko wapi, yeyote kati yetu ataifungua, hata yule aliyejiunga jana.

Haya, washeni masini, batiri inaisha. Nani ambaye hajawahi kusema mbele? Dakika 10 za leo ni zako.