NDEGE IKITEKWA, NI NANI ALIYETEKWA?

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Nzuguni, Dodoma)



Tarehe 26 Februari, 1982, ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania, aina ya Boeing 737, iliondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Haikufika. Vijana waliokuwamo ndani waliigeuza njia kwa nguvu, ikapitia Nairobi, Jeddah na Athens, hadi ikatua Stansted, Uingereza. Walitaka Rais Nyerere ajiuzulu. Tarehe 28 walisalimu amri, na baadaye mahakama ya Uingereza ikawafunga.

Kwa Kiingereza tendo hilo huitwa "hijack". Neno hilo halikuzaliwa angani. Lilienea Marekani katika miaka ya 1920, pombe ilipopigwa marufuku, majambazi walipokuwa wakipora malori ya wauza magendo wenzao. Baadaye wenye lugha wakalikata vipande: ndege ikapewa "skyjack", na motokaa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikapewa "carjack". Kila chombo na neno lake! Dola ikilitwaa lori kwa haja ya vita, neno ni jingine kabisa, "commandeer", wala hapo hakuna jambazi wa kushtakiwa.

Wapo wasomi wanaodai kwamba Kiswahili ni maskini, kwa kuwa kina "kuteka" tu. Dai hilo ni la haraka mno. Kiswahili hakiulizi sana ni chombo gani; huuliza watu wamefanywa nini. Basi likivamiwa usiku porini, limetekwa. Abiria wakinyang'anywa mali na kuachwa, wameporwa. Wakishikiliwa ili serikali itoe kitu, wametekwa nyara. Nyara ni mali iliyopatikana vitani, na mali yenyewe hapa ni binadamu. (Kuteka maji kisimani, kazi inayojulikana sana Dodoma, ni jambo jingine, na hakuna mtoto anayechanganya.)

Neno la kuangaliwa ni "uharamia", ambalo hutumiwa ovyo hata kwa ndege. Katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, uharamia ni wa chombo kimoja kukishambulia kingine, nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Abiria aliyepanda Mwanza kisha akamtisha rubani hayumo humo. Yeye anahusika na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1970, ambao hata jina lake halitaji "hijack". Hutaja ukamataji wa ndege usio halali.

Kwa hiyo, habari ya Stansted ikitafsiriwa darasani, vijana wale ni watekaji na abiria wao ni mateka. Maharamia waachiwe pwani ya Somalia.